Kamomili na barafu katika historia ya vidonda vya kinywa

Vidonda vya kinywa vinavyoletwa na dawa za saratani vina umri mmoja na dawa zenyewe. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alitangaza kwamba dawa ya aminopterini iliwapa nafuu ya muda watoto wenye saratani ya damu, na vidonda vya mdomoni vilikuwa miongoni mwa madhara aliyoyaona. Mwaka 1957 Charles Heidelberger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin wakaleta florourasili, ambayo hadi leo hutumika sana kutibu saratani ya utumbo mpana. Dawa hizo huua seli zinazogawanyika upesi, na utando wa kinywa hujijenga upya kila baada ya siku chache. Seli mpya zikikosekana, utando huchubuka. Mgonjwa hushindwa kumeza hata mate, na vijidudu hupata njia ya kuingia kwenye damu. Mara nyingi daktari hulazimika kupunguza dozi au kuahirisha tiba, na saratani hupata nafasi isiyostahili kupewa.

Ujerumani, jibu moja lilitoka jikoni. Huko ni desturi kongwe kumpa mwenye kinywa kinachouma chai ya kamomili, ua dogo jeupe lenye kitovu cha njano. Maua makavu humiminiwa maji yanayochemka, chombo hufunikwa mvuke usipotee, kisha maji yakipoa mgonjwa husukutua. Mafuta ya maua hayo yakikamuliwa kwa mvuke hutoka na rangi ya buluu, kwa sababu joto hugeuza kiambato kisicho na rangi kuwa kamazulini. Katika maabara, kamazulini na mwenzake bisabololi huonekana kutuliza uvimbe. Mwaka 1984 kamati ya serikali ya Ujerumani iliyopima dawa za mitishamba ilikubali kamomili itumike kwa uvimbe wa utando wa kinywa. Ilikuwa hatua ya busara, ila kamati haikuwa inazungumzia kinywa kilichochomwa na dawa za saratani.

Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani walieleza matokeo mazuri kwa wagonjwa 98 wa tibakemikali (tiba ya dawa za saratani) au mionzi waliosukutua kwa dawa ya kamomili. Hakukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo haikujulikana wangepona vipi bila ua hilo. Mwaka uleule uchunguzi mwingine ulionyesha faida ya kitu cha bei ndogo kabisa: vipande vya barafu. Mgonjwa huanza kuvimumunya dakika 5 kabla ya sindano ya florourasili na kuendelea hadi nusu saa itimie. Baridi hubana mishipa midogo ya damu kinywani, na dawa hiyo, ambayo haikai muda mrefu katika damu, hufika kinywani kwa kiasi kidogo.

Kamomili ilipimwa kwa haki mwaka 1996. Wagonjwa 164 waliokuwa wakipewa florourasili waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walisukutua kwa kamomili mara tatu kwa siku kwa siku 14, wengine kwa dawa inayofanana nayo isiyo na kamomili. Wagonjwa wala madaktari hawakujua nani amepewa nini, na wote walimumunya barafu. Vidonda havikutofautiana. Hakuna aliyedhurika na ua, lakini hakuna kilichoonyesha kwamba liliongeza kinga yoyote juu ya ile ya barafu.

Matumaini hayakufa hapo. Mwaka 2016 watafiti wa Brazil waligandisha chai ya kamomili na kuilinganisha na barafu ya maji matupu. Matokeo yalielekea upande wa kamomili, lakini wagonjwa walikuwa 38 tu, idadi isiyotosha kubadili tiba ya hospitali.

Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2020 inapendekeza barafu kwa dakika 30 kwa mgonjwa anayechomwa florourasili kwa sindano ya haraka. Kamomili haimo katika mapendekezo hayo. Mgonjwa anayetaka kusukutua kwa mmea wowote wakati wa tibakemikali amweleze kwanza daktari au muuguzi wake, na aulize kama dawa anayopewa ni ya aina inayofaa kuendana na barafu.