Kaunta Iliyokuwepo Tayari: Duka la Dawa, Msimu wa Pamba na Biashara ya Afya Bariadi na Maswa, 1977–2022

Katika maandishi mengi ya miaka ya karibuni kuhusu kampuni changa za afya nchini Tanzania, mikoa kama Simiyu huchorwa kama uwanja mtupu: wagonjwa wapo, simu za mkononi zipo, huduma ni haba, na kwa hiyo soko linamsubiri mtu wa kulifungua. Insha hii inaipinga picha hiyo. Inadai kwamba katika eneo la Bariadi na Maswa biashara ya afya ilikuwepo hata katika miaka ambayo sheria ilikusudia isiwepo, na kwamba mitindo ya biashara iliyofanikiwa ni ile iliyopita kwenye kaunta ambayo wanakijiji walikuwa wameshaizoea, yaani kaunta ya duka la dawa. Lakini inadai pia jambo la pili, ambalo waandishi wa mipango ya biashara hawalipi uzito wa kutosha: kaunta hiyo ilikuwa na mahali pake, na mahali hapo paliamua nani apate dawa na nani aikose.

Ni lazima kwanza kueleza mipaka ya eneo. Mkoa wa Simiyu, wenye makao makuu Bariadi, ulianzishwa mwaka 2012. Wilaya zake tano ni Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Nne za kwanza zilimegwa kutoka Shinyanga, na Busega ilitoka upande wa Magu, mkoani Mwanza. Kwa hiyo mtafiti anayelitafuta jina la Simiyu katika taarifa za afya za kabla ya mwaka huo atarudi mikono mitupu. Habari zake zimo ndani ya Shinyanga. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,140,497 mkoani humo. Wengi wao ni wakulima na wafugaji, na fedha taslimu za kaya nyingi hutegemea pamba, zao ambalo huuzwa katika miezi michache ya katikati ya mwaka. Suala la msimu litarejewa baadaye, kwa kuwa ndilo lililovunja hesabu za wengi.

Historia ya tiba ya kibinafsi Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kuwafuata madaktari. Kazi ya John Iliffe ya 1998 kuhusu madaktari wa Afrika Mashariki ndiyo bora katika mkondo huo, na mwandishi wa insha hii anadaiwa nayo mengi. Hata hivyo, anayemfuata daktari atafika Mwanza na Shinyanga mjini, kisha njia itamwishia. Huko Bariadi mwenye biashara ya afya hakuwa daktari. Alikuwa mwenye duka.

Mwaka 1977 Serikali ilitunga Sheria ya Udhibiti wa Hospitali Binafsi, iliyopiga marufuku tiba ya kutafuta faida na kuyabakizia ruhusa mashirika yaliyokubaliwa, hasa ya dini. Hatua hiyo ilikuwa mwendelezo wa Azimio la Arusha la 1967: afya ilikuwa haki, na haki haiuzwi. Mwaka uliofuata ilikuja Sheria ya Dawa na Sumu ya 1978, ambayo chini yake ziliendelea kutolewa leseni za maduka ya daraja la pili, yale ambayo wananchi waliyaita maduka ya dawa baridi. Sheria hizi mbili ni nadra kusomwa pamoja, ilhali zikisomwa pamoja ndipo maana yake inapoonekana. Ya kwanza ilimzuia daktari kuuza utaalamu wake; ya pili ilimruhusu mwenye duka, asiye na utaalamu huo, kuuza vidonge vya maumivu, dawa za kikohozi na dawa nyingine zisizohitaji cheti. Marufuku ya 1977 haikuiondoa biashara ya afya vijijini. Iliisukuma tu kutoka kwa mtaalamu kwenda kwa mchuuzi.

Msukumo huo uliongezwa na uhaba. Vita vya Kagera, bei ya mafuta na upungufu wa fedha za kigeni viliyumbisha ununuzi wa dawa za umma. Kuanzia miaka ya kati ya 1980 zahanati zilipelekewa masanduku ya dawa muhimu kwa msaada wa Denmark. Mpango huo uliokoa maisha, lakini sanduku lilifungwa kwa kipimo kimoja, na lilipomalizika kabla ya mwezi kwisha mgonjwa alielekezwa dukani. Ndiyo maana marekebisho ya sheria ya mwaka 1991, yaliyoruhusu tena tiba binafsi ya faida, yalibadili mambo mengi Dar es Salaam na machache Bariadi. Vitabu vingi vinauhesabu mwaka huo kuwa mwanzo wa soko la afya. Kwa Bariadi, tarehe hiyo inafaa kwa historia ya sheria, wala haifai kwa historia ya biashara.

Duka la dawa baridi lilikuwa na mtindo wa biashara uliokomaa, ingawa hakuna aliyeuandika. Liliuza kwa kipande: vidonge viwili kwa mwenye fedha za vidonge viwili. Lilifunguliwa jioni, saa ambazo zahanati ilikuwa imefungwa. Lilikopesha kwa daftari, na deni lilikumbukwa pamba ilipouzwa. Halikumdai mgonjwa fedha ya kumwona mtaalamu, kwa kuwa mtaalamu hakuwepo. Kila moja ya sifa hizi ina upande wake mbaya. Nusu dozi ya dawa ya malaria huondoa homa na kuacha vimelea. Mwandishi wa insha hii alitumwa dukani mara nyingi utotoni kununua nusu dozi ya namna hiyo, naye hakuijua kwa jina jingine zaidi ya dawa. Aidha, maduka mengi yaliuza kwa siri viuavijasumu ambavyo leseni haikuyaruhusu. Wakaguzi walilijua jambo hili, na wateja walilijua zaidi.

Tukio linalofaa kuchunguzwa kwa kina lilitokea Maswa mwaka 2007 na 2008. Tanzania Bara ilikuwa imeiacha klorokwini mwaka 2001 na kuchukua SP. Kisha, mwishoni mwa 2006 na mwanzoni mwa 2007, ikaanza kutumia dawa mseto, ALU, katika vituo vya umma. Katika maduka binafsi dawa mseto ilikuwa ghali mno kwa mnunuzi wa kawaida. Taasisi ya Clinton, kwa kushirikiana na Serikali, ikafanya jaribio katika wilaya mbili, Maswa na Kongwa, huku Shinyanga Vijijini ikiwa wilaya ya kulinganishia. Swali lilikuwa la kibiashara kabisa: ruzuku ikiwekwa juu, kwa muuzaji wa jumla, je, itashuka hadi kwa mnunuzi, au italiwa njiani?

Namna jaribio lilivyopangwa ni muhimu kuliko matokeo yake. Hakuna duka jipya lililojengwa, wala hakuna wakala aliyeajiriwa kupita vijijini. Dawa ilipunguzwa bei kwa takribani asilimia 90 na kuingizwa katika mnyororo uleule uliokuwa ukileta vidonge vya maumivu, na wenye maduka ya dawa baridi wakaachwa wajitafutie faida. Sabot na wenzake, walioandika matokeo hayo mwaka 2009, walieleza kwamba katika wilaya za jaribio sehemu ya wateja wa dawa za malaria walionunua dawa mseto ilipanda kutoka asilimia 1 hadi asilimia 44.2 ndani ya mwaka mmoja. Bei ya wastani waliyolipa, senti 58 za dola, haikutofautiana kwa kiasi cha maana na bei ya SP. Wenye maduka hawakuila ruzuku. Dhana iliyotawala ofisini kwa miaka mingi, kwamba mchuuzi wa kijijini ni mlanguzi asiyeaminika, ilipata pigo ambalo kwa maoni yangu haijapona.

Hata hivyo, utafiti huohuo ulionyesha kwamba maduka ya kwenye vitovu vya watu yalikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na dawa mseto kuliko ya pembezoni, na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010 ulilifuatilia suala hilo la umbali peke yake. Sababu haihitaji nadharia kubwa. Mwenye duka wa pembezoni hununua kidogo kidogo, hufuata mzigo mjini kwa baiskeli au kwa gari la abiria, na hawezi kufunga mtaji wake katika dawa asiyokuwa na hakika ya kuiuza kabla haijaharibika. Ruzuku ilipunguza bei ya kidonge. Gharama ya barabara ilibaki palepale. Anayesoma asilimia 44.2 bila kusoma ramani anaisoma nusu ya habari.

Wakati Maswa ikijaribiwa, mkakati mwingine ulikuwa ukisambaa kutoka kusini. Mwaka 2003, mkoani Ruvuma, Mamlaka ya Chakula na Dawa ilizindua maduka ya dawa muhimu, DLDM, kwa ushirikiano na shirika la Management Sciences for Health na kwa fedha za Wakfu wa Gates. Hapa Tanzania iliachana na majirani zake. Nchini Kenya, kuanzia mwaka 2000, Wakfu wa HealthStore ulijenga mtandao wa maduka na kliniki za CFW kwa mfumo wa kukodisha jina: mmiliki alipewa nembo, mafunzo na mzigo, naye akafuata masharti ya mwenye jina. Nchini Ghana mradi uleule uliofadhili Ruvuma ulichagua njia hiyo ya nembo. Tanzania haikuanzisha nembo ya kampuni. Ilichukua duka la dawa baridi lililokuwepo, ikamtaka mwenyewe arekebishe jengo, ampeleke muuzaji wake mafunzoni kwa wiki kadhaa na akubali kukaguliwa; naye akapewa haki ya kuuza kihalali baadhi ya dawa za cheti, vikiwemo viuavijasumu kadhaa.

Kwa lugha ya biashara, bidhaa ambayo dola lilimuuzia mwenye duka ilikuwa ruhusa. Haikuwa na gharama kubwa ya kuitengeneza, na mwenye duka aliihitaji kwa sababu alikuwa akivunja sheria kwa ajili yake. Mpango ulienea mkoa baada ya mkoa, na baada ya Sheria ya Famasi ya 2011 usimamizi wa maduka hayo ukawa wa Baraza la Famasi. Wapo wanaouita uhalalishaji wa uovu. Ukosoaji huo una chembe ya ukweli, kwani mafunzo ya wiki chache hayafanyi mfamasia. Lakini wakosoaji hawajaonyesha ni nani mwingine angekaa kwenye kaunta ya Ngulyati au Mwanhuzi saa mbili usiku.

Upande wa bima unaonyesha kinyume chake. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio Igunga, wilaya ya pamba kama Maswa, mwaka 1996, na ukapewa sheria yake mwaka 2001. Kaya ililipa mara moja kwa mwaka na kutibiwa bila malipo ya papo kwa papo. Mwaka 2018 mfuko ulioboreshwa uliweka mchango wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Kiasi hicho kwa mwaka ni kidogo kuliko kinachoachwa dukani kwa vipande vipande, na ndiyo maana wapangaji walishangazwa na watu kutojiunga au kutorudi. Mshangao huo unatokana na kusahau kalenda. Duka linamfuata mkulima wakati ana fedha na linamvumilia wakati hana. Mfuko unamtaka atoe zote kwa siku moja, kisha akiugua aikute zahanati haina dawa na arudi dukani kununua mara ya pili. Msimu wa 2019 wakulima wengi wa Kanda ya Ziwa walikaa miezi kadhaa wakidai fedha za pamba waliyokwisha kuikabidhi kwa wanunuzi. Kaya inayodai haiwezi kulipa mchango, hata kama inautaka. Sidai kwamba msimu ndio sababu pekee. Ubora wa huduma na imani kwa viongozi vina nafasi yake. Ninachodai ni kwamba mfuko wa hiari unaokusanya mchango wa mwaka kwa mkupuo, katika uchumi wa zao moja, umebeba hatari ya zao hilo, na hatari hiyo haikuwekewa bei.

Mfumo wa m-mama, wa kuwasafirisha wajawazito na watoto wachanga wakati wa dharura, unaweza kusomwa kwa mizani hiyohiyo. Ulijaribiwa Sengerema na Shinyanga, na mwaka 2022 ukazinduliwa ili upanuliwe nchi nzima. Pale ambapo gari la wagonjwa halipo, kituo cha simu humwita dereva wa kawaida wa eneo hilo, naye hulipwa kwa simu. Mantiki yake ni ya duka la dawa: tumia aliyepo tayari. Tofauti ni kwamba dereva halipwi na mgonjwa. Fedha hutoka kwa Serikali na wafadhili, kwa hiyo mama wa kijiji cha mbali hana sababu ya kusubiri msimu wa pamba, na dereva ana sababu ya kukubali safari ndefu.

Tofauti hiyo inaturudisha kwenye ramani ya Maswa. Kaunta iliyokuwepo tayari ilifikisha dawa kwa haraka ambayo jengo jipya lisingeweza kuifikia, lakini kwa wale tu waliokuwa na kaunta karibu. Kwenye barabara ya Lamadi, Bariadi na Maswa, maduka yanafuatana. Ukiingia ndani kuelekea vijiji vya Itilima na Meatu, yanapungua, na yaliyopo huwa na rafu fupi. Hakuna mtindo wowote kati ya iliyojadiliwa hapa, ukiacha m-mama, uliomlipa mtu kwa ajili ya umbali.