Raba ya kina mama iliyoipiku Nike

Kuna kipindi Nike iliachwa nyuma nyumbani kwake, Marekani. Si na Adidas. Ni Reebok! Najua wapo watakaobisha, maana leo ukiitaja Reebok watu wanakumbuka tu zile raba mtoni za enzi hizo. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na mimi naona chanzo kilikuwa dharau.

Mwaka 1980 Nike ilikuwa imeshika karibu nusu ya soko la raba Marekani. Phil Knight na kocha wake wa riadha, Bill Bowerman, walianza mwaka 1964 kwa kuuza viatu vya Kijapani, na wateja wao walikuwa wakimbiaji, wanaume hasa. Sasa kina mama walipoanza kujazana kwenye kumbi za erobiki, muziki juu, watu wanarukaruka, Nike haikuona mteja pale.

Reebok ikamwona. Ilikuwa kampuni ndogo ya Uingereza (jina lenyewe ni la swala wa Afrika Kusini, wangapi mlijua?), na Paul Fireman alikuwa amepata haki ya kuiuza Marekani mwaka 1979. Mwaka 1982 ikatoa Freestyle, raba ya ngozi laini iliyobuniwa kwa ajili ya wanawake. Wanawake wakaivaa mazoezini, wakaivaa kazini, na mwaka 1985 mwigizaji Cybill Shepherd akatinga nayo kwenye tuzo za Emmy, ya rangi ya machungwa, chini ya gauni la heshima!

Mwaka 1987 Reebok iliuza bidhaa za karibu dola bilioni 1.4. Nike, katika mwaka wake wa fedha wa 1987, dola milioni 877.

Hapa ndipo napogombana na mashabiki wa kikapu wanaosema Michael Jordan aliiokoa Nike. Jamani, tazameni miaka. Jordan alisaini 1984, Air Jordan ikaingia madukani 1985 na kuuzwa kama njugu. Na bado Nike ikapitwa! Jordan alileta vijana wa kiume, ambao Nike ilishawajua. Knight mwenyewe alikiri mwaka 1992, akihojiwa na jarida la Harvard Business Review, kwamba kwenye erobiki walikosea hesabu kabisa. Kiatu chao kilikuwa bora kwa kazi, ila hakikuwa na mvuto.

Walijifunza lakini. Zikaja Air Max mwaka 1987 na tangazo la "Just Do It" mwaka 1988, na kufikia 1990 Nike ilikuwa imerudi kileleni.

Reebok je? Mwaka 2006 Adidas ilikamilisha kuinunua kwa dola bilioni 3.8, ikidhani imepata silaha ya kuipigia Nike. Mwaka 2021 ikakubali kuiuza kwa Authentic Brands Group, kwa euro zisizozidi bilioni 2.1. Hasara pigeni hesabu wenyewe.