Sanduku la Ex-UK

Mamangu alinipigia simu jioni moja ya Oktoba 2025. Hakunisalimia.

"Baba, hii mashine inaniambia imefika mwisho. Sasa?"

Ana saiba Kawangware, si mbali na steji ya 46. Kompyuta nne, printa moja, benchi la kungojea, na friji ndogo ya soda inayoleta faida kuliko printa. Watu huingia pale kuomba cheti cha kuzaliwa kwenye eCitizen, kujaza ritani za KRA, kuomba mkopo wa HELB, kuchapisha CV. Wengi wao wana simu, lakini fomu ndefu haijazwi kwa kidole gumba.

Mashine haikuwa imekufa. Ilikuwa polepole tu, kama ilivyokuwa juzi na jana. Kilichokufa ni ratiba. Tarehe 14 mwezi huo Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10, na skrini ikaanza kumshauri Mum anunue kompyuta mpya. Angeweza kupuuza. Lakini saiba ni mahali ambapo mtu usiyemjua anaandika nambari yake ya kitambulisho na nywila yake, kisha anakuachia shilingi hamsini na kwenda zake. Mfumo usiopata masasisho ya usalama ni mlango usiofungwa, na mtu akiibiwa hatamlaumu Microsoft. Atamlaumu mama wa saiba.

Jumamosi nikaweka sanduku moja kwenye gunia na kupanda matatu hadi tao. Konda alinilipisha nauli ya watu wawili. Nikashuka, nikakata River Road, nikaingia Luthuli Avenue, nikapanda ngazi hadi kwa fundi mwenye meza upana wa mlango. Alifungua ubavu wa sanduku kwa bisibisi, akapuliza vumbi, akatazama mara moja.

"Hii ni 775, buda. Bado ina maisha. Lakini si marefu."

Sentensi hiyo ndiyo ninayotaka kuifungua hapa, kwa sababu ndani yake kuna historia ya jiji hili ambayo huwa haiandikwi.

Anza na hiyo namba. 775 ni idadi ya ncha ndogo za shaba zilizomo kwenye soketi, pale prosesa inapokalia ubao mama. Intel iliileta mwaka 2004. Soketi hiyo ilipokea Pentium 4, baadaye Core 2 Duo, baadaye Core 2 Quad. Si kila ubao ulikubali kila prosesa, lakini kwa miaka kadhaa familia nzima ilikuwa na mlango wa umbo moja. Kwa ofisi ya London hilo halikuwa na maana kubwa, kwa sababu ofisi hiyo hununua kompyuta, huitumia miaka mitatu au minne, kisha huleta nyingine. Kwa Luthuli lilikuwa na maana kubwa sana. Kompyuta tano zilizokufa zingeweza kuzaa mbili zilizo hai.

Sanduku la Mum lilikuwa na kibandiko cha Windows Vista Business ubavuni, na juu yake alama ya kibandiko kingine kilichokwanguliwa, nambari ya mali ya ofisi fulani ya Uingereza. Ndani kulikuwa na Core 2 Duo E7500, prosesa ya mwaka 2009 yenye viini viwili. Mum aliinunua 2014. Yaani ilipofika Kawangware ilikuwa tayari imestaafu mara moja.

Hiyo ndiyo maana ya ex-UK. Tunaitamka kama jina la mtaa, lakini ni jina la njia.

Njia hiyo haikuwa wazi siku zote. Kompyuta za kwanza zilifika Afrika Mashariki miaka ya 1960, zikakaa kwenye taasisi kubwa kama reli na wizara, katika vyumba ambavyo mwananchi hakuingia. Tanzania iliweka moja Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mambo hayakwenda vizuri, pesa zikapotea, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hiyo ililegezwa polepole na ikachukua miaka mingi kuisha. Kenya haikufunga mlango kwa amri ya namna hiyo, lakini ushuru ulifanya kazi ya kufuli. Miaka ya 1980 kompyuta ilikuwa kitu cha benki, cha shirika la misaada, cha profesa aliyetoka nayo ng'ambo.

Mwaka 1994 vijana watatu Wakenya waliosoma Marekani walianzisha Africa Online, na katikati ya muongo huo intaneti ikaanza kuuzwa Nairobi. Ndipo saiba zikaota. Wazazi wetu wanakumbuka kulipia kwa dakika, jicho moja kwenye barua pepe na lingine kwenye saa. Saiba ilihitaji mashine kumi za bei nafuu, si moja nzuri. Hapo ndipo mashine zilizotumika zikapata soko.

Kisha ikaja Novemba 2006. Nadhani hakuna mwezi uliotengeneza sanduku la mamangu kama huo.

Mwezi huo Intel ilianza kuuza prosesa ya kwanza ya familia ya Core 2 yenye viini vinne. Tarehe 30, Microsoft ikaanza kuwapa wateja wa mashirika Windows Vista. Windows XP ilikuwa imekubali kuwekwa kwenye mashine yenye RAM ya megabaiti 64. Vista ilitaka 512 kama kiwango cha chini kabisa, na mtu mwenye akili aliweka mara mbili ya hapo. Ofisi nyingi duniani zikafanya hesabu na kuona ni rahisi kubadilisha kompyuta nzima.

Siku hiyo hiyo, tarehe 30, wajumbe kutoka nchi nyingi walikuwa wamekaa Gigiri, hapa Nairobi, kwenye makao makuu ya UNEP. Mkutano wa nane wa nchi zilizotia saini Mkataba wa Basel ulianza Novemba 27 na kumalizika Desemba 1. Mkataba huo unasimamia usafirishaji wa taka hatari kuvuka mipaka, na mada kubwa mwaka huo ilikuwa taka za kielektroniki. Walimaliza kwa kupitisha Azimio la Nairobi, linalotaka vifaa hivyo vishughulikiwe bila kuharibu mazingira.

Kwa hiyo katika wiki moja, kampuni moja ilitoa programu iliyofanya mamilioni ya kompyuta nzima zionekane kuukuu, na nchi za dunia zikakutana katika jiji letu kuuliza kompyuta kuukuu ziende wapi. Sidhani pande hizo mbili zilipigiana simu. Jibu lilipatikana kilomita chache kutoka Gigiri, kwenye meza za Luthuli na Moi Avenue, na hakuna aliyelitia saini.

Ugumu wa jibu hilo ni kwamba kompyuta iliyotumika ni vitu viwili kwa wakati mmoja. Kwa sheria ya mazingira inaweza kuwa taka iliyovalishwa jina la msaada. Kwa mwanafunzi wa Kangemi inaweza kuwa kompyuta ya kwanza kuigusa. Serikali zetu zimevutwa na pande zote mbili. Kenya ilipunguza kodi za kompyuta katikati ya miaka ya 2000, na shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanza 2002, likapeleka mashine zilizotumika shuleni. Mwaka 2009 Uganda ikatangaza marufuku ya kuingiza kompyuta zilizotumika. Nchi jirani, sanduku moja, majibu mawili.

Mwaka huo huo nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa. Intaneti ikawa ya kasi na bei ikashuka. Machi 2010 iHub ikafunguliwa Ngong Road, ghorofa ya nne ya Bishop Magua Centre, na tangu hapo hadithi ya teknolojia ya Nairobi imekuwa ikisimuliwa kutoka dirisha hilo: programu za simu, wawekezaji, mashindano. Hadithi ya kweli, sina ugomvi nayo. Lakini wengi waliojifunza kompyuta hapa walijifunza kwenye sanduku lililofunguliwa na mtu kabla yao. Fundi wangu anasema alianza na redio, akahamia kompyuta. Mtaa wake ulifanya vilevile.

Turudi mezani. Alinieleza mpango bila kupamba.

Prosesa kwanza. Angetoa ile E7500 na kuweka Core 2 Quad Q9550, viini vinne badala ya viwili. Lakini E7500 imepimwa kwa wati 65 za joto na Q9550 kwa wati 95, kwa hiyo alikagua kipozeo na kisanduku cha umeme kwanza, kisha akaingia kwenye BIOS kuona kama ubao unaitambua familia hiyo. "Watu wananunua prosesa kabla ya kuuliza ubao," akasema. "Ni kama kununua kiatu cha mtu ambaye hujapima mguu."

Alifuta pesti kavu kama chokaa, akashusha prosesa mpya kwa vidole viwili bila kuisukuma. Kwenye 775 ncha ziko kwenye soketi yenyewe. Ukipinda moja, umepoteza ubao.

RAM pili: alitoa gigabaiti mbili, akaweka nane.

Tatu, SSD. Hapa ndipo alipotabasamu. Ubao wa umri ule hupitisha data kwa takriban nusu ya kasi ambayo SSD ya kawaida inaweza. "Hiyo nusu inatosha." Diski ngumu ina sindano inayotembea juu ya sahani kutafuta kila kipande, na kungoja huko ndiko watu huita kompyuta kuzeeka. SSD haitembezi chochote. Kwa kazi ya Mum, hiyo SSD ilifanya zaidi ya ile prosesa, na kama pesa zingetosha kitu kimoja tu, ningeanza nayo.

Prosesa shilingi 1,500, RAM 1,600, SSD 2,800, kazi 500. Jumla 6,400. Ex-UK yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nane, ambayo ndiyo ya umri wa chini Windows 11 inaikubali rasmi, nilitajiwa 24,000. Zidisha kwa nne.

Basi nikauliza swali la kijinga: na tukiweka Windows 11 humu kwa nguvu?

Akatikisa kichwa. Matoleo ya Windows 11 tangu 2024 yanahitaji amri moja ndogo ndani ya prosesa, inayoitwa POPCNT, ya kuhesabu biti. Prosesa za Core 2 hazina amri hiyo. Intel iliiweka kwenye kizazi kilichofuata, Novemba 2008, chenye soketi nyingine. Unaweza kubadilisha kila kitu ndani ya sanduku hili, lakini hilo huwezi kuliongeza kwa bisibisi.

Ndiyo maana ya "si marefu". Fundi wa Luthuli ana ujuzi, ana vipuri, ana mikono. Tarehe ya mwisho inaandikwa kwingine. Mwaka 1974 iliandikwa na serikali. Kisha ikaandikwa na ushuru. Aprili 2014 iliandikwa na kampuni ilipoacha XP, na Oktoba 2025 kampuni ileile imeiandika tena. Kuboresha kompyuta hapa ni kufanya kazi ndani ya nafasi iliyobaki kati ya tarehe hizo, na nafasi hiyo ni halisi. Imelisha mafundi, imesomesha watu, na imemlipia mamangu kodi ya chumba kwa miaka kumi na moja.

Sanduku lile sasa linaendesha Linux. Kivinjari ni kilekile, eCitizen haijali. Printa ilisumbua siku mbili, ikakubali. Sanduku la pili tulilifanya hivyo hivyo. La tatu lilibadilishwa na ex-UK mpya zaidi, kwa wateja wenye kazi zinazotaka Windows. La nne lilipofunguliwa, kapasita zilikuwa zimevimba kama chapati. Fundi alinunua RAM yake, akanirudishia lililobaki.

"Ubao je?" Mum aliuliza nilipofika nalo.

"Umekufa."

"Basi huo hautupwi."

Alijua unakoenda ukitupwa. Kijana wa mkokoteni angeuchukua kwa kilo, mtu mahali fulani angechoma nyaya apate shaba, na moshi ungemwingia mtoto wa mtu. Viko vituo vya kuchakata taka hizi Nairobi, nimemwahidi nitaupeleka. Azimio lililopitishwa Gigiri linakaribia miaka ishirini, na ubao wa mamangu bado uko chini ya kaunta, umefungwa kwenye mfuko wa unga, unaningoja nipate Jumamosi.