Turufu na Asili Yake

Mchezaji wa karata wa pwani yetu hutaja kopa, uru, pau, shupaza na turufu bila ya kujiuliza maneno hayo yametoka wapi. Tuliyapokea kwa Wareno. Kwao kopa ni vikombe, uru ni dhahabu, pau ni magongo na shupaza ni panga. Alama za karata zetu ni nyingine, lakini majina yamehifadhi picha za karata za kale za Ulaya ya kusini.

Turufu imesafiri mbali zaidi. Asili yake ni neno la Kitaliani trionfo, yaani shangwe ya ushindi. Mwaka 1440 jina hilo liliandikwa Florence kwa karata za namna mpya. Juu ya karata 56 za aina nne ziliongezwa 22 za picha, miongoni mwake kaizari, papa, mauti, mwezi na jua. Asiyekuwa na karata ya aina iliyotangulia alitupa ya picha, akala. Karata hizo ndizo ziitwazo taroti.

Wengi leo huziogopa taroti kuwa ni vyombo vya ramli. Historia haiwaungi mkono. Mwaka 1781 Mfaransa Court de Gébelin alidai kuwa zimetoka kwa makuhani wa Misri ya kale, wakati ambapo hapakuwa na mtu aliyeweza kuyasoma maandishi ya Misri hiyo. Karata zenyewe zilikuwa zimekwisha kuchezwa zaidi ya miaka 300.

Jozi adimu zilizosalia ni mashahidi wema. Ile ya watawala wa Milan, iliyochorwa kwa mkono na kupambwa kwa dhahabu katikati ya karne ya 15, imebakiwa na karata 74. Nyingi zimehifadhiwa New York na Bergamo. Jozi ya Bologna ina karata 62. Mwaka 1725 kasisi Montieri alichapisha moja iliyosema kuwa mji ule una utawala wa mchanganyiko, ilhali Papa alidai kuutawala peke yake. Montieri alikamatwa, karata zikachomwa, na mapapa na makaizari wanne wakageuzwa kuwa Wamori wanne. Wakubwa waliogopa siasa, si uganga.

Wamori hao wangali wanachezwa Bologna hata leo. Nasi, kila tupigapo turufu, twautaja bila ya kujua ushindi uleule wa Florence. Basi ni haki kitu kihukumiwe kwa asili yake, si kwa uzushi uliokifuata.