Uvimbe wa Chuchu na Umbali wa Ras Kitau

Ras Kitau iko kwenye ncha ya kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Shela, na mgonjwa wa huko havuki kwenda hospitali ya Lamu ila kwa chombo. Inasemwa mara nyingi kwamba wanawake wa visiwa hivi walichelewa kutibiwa matiti kwa sababu ya haya na dawa za waganga. Naona maneno haya yanawaonea. Utazame uvimbe mmoja tu, adenoma ya chuchu, unaoota katika vijia vya maziwa. Si saratani, lakini chuchu huwa nyekundu, hufanya magamba, huchubuka na pengine hutoa damu, sawasawa na maradhi aliyoyaeleza James Paget huko London mwaka 1874, ambayo ni dalili ya saratani. Jicho pekee haliwezi kuyatenganisha mawili haya. Hata Marekani, uvimbe huu ulipata maelezo yake kamili mwaka 1955 tu, kwa makala ya daktari Jones, na wako wanawake waliokatwa titi zima kwa kudhaniwa wana saratani. Basi mkunga wa Manda angejua kwa chombo gani?

Pingamizi lenye uzito ni dawa za waganga zenyewe: kuumika kwa chuku na kuchoma kwa chuma cha moto. Nakubali: kovu la moto huficha dalili, na ngozi iliyoungua humpa kazi ngumu atakayeipima baadaye. Haya nayo ilikuwapo, ila haikufunga kila mlango, kwa kuwa chuchu yenye nyufa wakati wa kunyonyesha ilionyeshwa kwa mkunga na kwa somo aliyemfunda bila kificho. Macho ya kuona yalikuwapo. Kilichokosekana ni hadubini. Tangu kinyama kidogo cha chuchu kilipoweza kukatwa na kutazamwa, uvimbe huu hutibiwa kwa kuuondoa wote na kuliacha titi, maana ukibakizwa huweza kuota tena. Kuanzia hapo lawama inaihusu njia ya kuvuka hadi hospitali, si mwanamke. Tena kinyama kilichotiwa ndani ya fomalini, dawa ya kukihifadhi, husafiri hadi maabara ya Mombasa bila mwenyewe kwenda huko. Linalomlazimu yeye ni kuvuka kwenda Lamu mara mbili: siku ya kukatwa kinyama, na siku ya upasuaji, majibu yakiwa yamekwisha kurudi na daktari yupo.