Maktaba ya McMillan na matawi yake: mlango ulifunguliwa kwa nani?

Ukitoka Msikiti wa Jamia jijini Nairobi, hatua chache tu utaliona jengo jeupe lenye nguzo ndefu, na simba wawili wa mawe wamekaa mbele kama mabawabu. Hiyo ndiyo Maktaba ya McMillan, barabara ya Banda. Nilipokuwa nikisomea diploma Nairobi, nilikuwa nikiswali adhuhuri Jamia kisha naingia humo kusoma mpaka alasiri. Sikujua wakati ule kwamba zamani mtu kama mimi asingeruhusiwa kuvuka mlango ule.

Jina lake linatokana na William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyekuja kuwa mlowezi mkubwa nchini. Alifariki mwaka 1925, na kaburi lake liko kwenye mlima wa Ol Donyo Sabuk. Mjane wake, Lucie, aliijenga maktaba kuwa kumbukumbu yake, kwa msaada wa shirika la Carnegie la Marekani. Ilifunguliwa rasmi tarehe 5 Juni 1931.

Ilifunguliwa, lakini kwa Wazungu peke yao. Mwafrika na Mhindi hawakuwa na ruhusa ya kusoma humo. Fikiria, ndugu msomaji: miaka hiyohiyo Waislamu walikuwa wakijenga Msikiti wa Jamia hapo jirani. Ukuta wa maktaba walikuwa wakiuona kila siku, lakini vitabu vya ndani havikuwa vyao. Mambo yalibadilika uhuru ulipokaribia, jiji lilipoichukua maktaba na milango ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote.

Watu wengi hudhani McMillan ni jengo hilo moja tu. La. Jiji lina matawi mawili upande wa Eastlands: moja Kaloleni na jingine Makadara. Majina haya yasimchanganye mtu wa Pwani. Hii si Kaloleni ya Kilifi wala Makadara ya Mombasa. Kaloleni ya Nairobi ni mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Ndiyo maana naona matawi haya yana uzito wake. Jengo kuu lilijengwa kumkumbuka tajiri mmoja. Matawi yako mlangoni mwa wananchi, mahali mtoto wa kibarua anaweza kwenda kwa miguu.

Pia tusiichanganye McMillan na maktaba za taifa. Hizo ziko chini ya Huduma ya Maktaba ya Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965. McMillan ni mali ya jiji, na ina sheria yake ya pekee. Ndani yake mna hazina ya magazeti ya kale na kumbukumbu za bunge ambazo mtafiti wa historia hawezi kuzipita.

Lakini hazina isipotunzwa huliwa na mchwa. Kwa miaka mingi majengo yote matatu yalichakaa. Mwaka 2017 wanawake wawili, mwandishi Wanjiru Koinange na mchapishaji Angela Wachuka, walianzisha Book Bunk, wakashirikiana na serikali ya kaunti kuyafufua. Hawakuanza na jengo la nguzo. Walitangulia kukarabati matawi ya Kaloleni na Makadara, na wakazi wakaulizwa wanataka maktaba ya namna gani. Hapo ndipo nilipowavulia kofia.

Kwa nini nayaeleza haya kwa watu wa Pwani? Kwa sababu Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Si hisani ya mheshimiwa yeyote. Mikutano ya bajeti inapoitishwa, tunauliza barabara, maji na basari, na ni haki yetu. Basi tuulize na hili: mtoto wa Kisauni, wa Msambweni au wa Faza atasomea wapi jioni nyumbani kukiwa na kelele na kiza? Neno la kwanza tulilopewa Waislamu ni "Soma". Wazee wetu walinyimwa mlango wa maktaba kwa rangi zao. Sisi tusiwanyime watoto wetu kwa kunyamaza.