Mpaka Unapofungwa: Malale, Korona na Jirani Yetu

Mfugaji wa Nyakunguru alilijua neno karantini miaka mingi kabla ya Korona. Ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia, mnada hufungwa na ng'ombe hawaruhusiwi kutoka kijijini. Sababu inaeleweka: ng'ombe mmoja mgonjwa akifikishwa mnadani, hasara huingia katika maboma mengi. Gharama nayo inajulikana. Aliyetegemea kuuza ndama ili alipe ada ya mtoto hubaki na ndama wake na deni lake.

Kuzuia huokoa, na kuzuia huumiza. Ndugu msomaji, katika insha hii tuangalie jinsi watu wa ukanda huu wa ziwa walivyozuiwa kusafiri kwa ajili ya magonjwa ya wanadamu, na kile ambacho Neno la Mungu linatudai nyakati kama hizo.

Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa malale ulizuka kando ya Ziwa Victoria upande wa Uganda. Inakadiriwa kwamba watu zaidi ya 200,000 walikufa katika miaka michache tu. Mwaka 1903 madaktari waliokuwa Entebbe walithibitisha kwamba ugonjwa huo huenezwa na mbung'o. Gavana Hesketh Bell akaamuru watu wahamishwe kutoka ufukweni, na baadaye hata wakazi wa visiwa vya Ssese wakaondolewa. Amri hiyo ilimtenganisha mtu na mbung'o, na maambukizi yakapungua. Lakini mvuvi aliyehamishwa aliacha nyuma ziwa, mtumbwi na makaburi ya wazee wake.

Upande wetu ulikuwa chini ya Wajerumani. Daktari wao mashuhuri, Robert Koch, alifika mwaka 1906 akafanya utafiti Ssese. Alipowachunguza wagonjwa wa Kiziba, huko Bukoba, alibaini kwamba walikuwa wameambukizwa Uganda, walikokwenda kutafuta kazi ya kukusanya utomvu wa mpira. Basi safari yenyewe ikaonekana kuwa hatari. Kambi za wagonjwa zikafunguliwa Kiziba na pia Shirati, ambayo leo iko katika wilaya ya Rorya, iliyomegwa kutoka Tarime. Tarehe 27 Oktoba 1908 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mjini London makubaliano ya kupambana na malale katika makoloni yao ya Afrika Mashariki, na mojawapo ya hatua ilikuwa kuwazuia wagonjwa wasivuke mpaka.

Mpaka huo ulichorwa na mataifa hayo mawili kuanzia 1886, bila kumuuliza Mkurya wala Mjaluo. Kilichoitwa nchi nyingine kilikuwa nyumbani kwa mjomba. Na kambini mgonjwa alikutana na nini? Dawa iliyotumika, atoxyl, ilikuwa na arseniki, ambayo ni sumu. Koch alipoongeza kipimo, wagonjwa zaidi ya 20 walipofuka. Si ajabu kwamba watu walitoroka kambini, na wengine wakaficha ndugu zao. Mbung'o walikuwapo kweli, na amri ilikuwa na sababu ya kweli. Kilichokosekana ni kuaminiana. Mtu akiona kwamba anayemzuia hamjali, humficha mgonjwa wake, na ugonjwa husafiri gizani.

Zaidi ya miaka 110 baadaye tulirudi pale pale. Tarehe 16 Machi 2020 Serikali yetu ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini. Kesho yake shule zikafungwa, lakini makanisa na misikiti yakabaki wazi. Tarehe 16 Mei Kenya ikafunga mpaka wake na Tanzania kwa wasafiri wote, isipokuwa magari ya mizigo, na madereva wake walitakiwa kupimwa. Kwa watu wa mijini ya mbali hiyo ilikuwa taarifa ya habari. Kwa watu wa Tarime, wenye ndugu, mashamba na wateja ng'ambo ya Sirari na Isebania, ilikuwa kama kufungiwa mlango wa ua. Njia za panya zikapata kazi.

Katika siku hizo mama mmoja wa usharika alinijia jioni. Akasema, "Mchungaji, kaka yangu anazikwa kesho upande wa pili. Nisipokwenda, watoto wake watanielewaje?"

Nilimjibu haraka: "Mama, mpaka umefungwa. Tutii mamlaka." Nikamtajia Warumi 13, nikamwombea, akaondoka kimya. Baadaye nilisikia kwamba alivuka usiku, akazika, akarudi. Kwa majuma matatu hakuonekana kanisani, kwa kuogopa maswali.

Nilichomwambia kilikuwa sahihi, lakini hakikutosha. Nilimwondolea mazishi ya kaka yake nisimpe chochote badala yake. Sikuwaita majirani wakae naye. Sikupanga ibada ya maombolezo nyumbani kwake. Sikuuliza ni nani ng'ambo angeweza kumpigia simu wakati mwili unashushwa kaburini. Na kama angerudi na ugonjwa, mimi mchungaji wake nilikuwa nimeshamfundisha kuuficha.

Sisi Walutheri hatukosi mwongozo katika jambo hili. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo kikuu kikahamia Jena, lakini Martin Luther akabaki pamoja na mchungaji Bugenhagen, na nyumba yake ikawa mahali pa kuuguzia wagonjwa. Katika waraka wake juu ya kuikimbia tauni alifundisha mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, tutumie dawa na tusiende pasipo na haja penye ugonjwa, kwa maana anayejua kwamba ameambukizwa na bado akachangamana na watu anamkosea jirani yake. Pili, mchungaji, mtawala na yeyote ambaye jirani anamtegemea asikimbie akamwacha mgonjwa bila mtu. Tukishika la kwanza peke yake, tunakuwa walinzi wa lango. Tukishika la pili peke yake, tunaweza kuwa wabeba ugonjwa.

Maandiko nayo yanakwenda njia hiyo. Mambo ya Walawi 13 inaagiza mgonjwa atengwe siku saba, kisha aangaliwe tena. Lakini katika sura ya 14 kuhani ndiye anayetoka nje ya kambi kumwendea yule aliyetengwa. Hasubiri aje mwenyewe. Na katika Hesabu 12 Miriamu alifungiwa nje ya kambi siku saba kwa ukoma. Katika siku hizo taifa zima halikusafiri mpaka aliporudishwa. Aliyezuiwa alikuwa mmoja, lakini gharama ya kuzuiwa kwake ilibebwa na wote.

Magonjwa hayajaisha. Mwaka 2023, na tena 2025, Marburg ilitangazwa mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa letu. Siku njia zitakapofungwa tena, tutii, na tuwafundishe watoto wetu kutii. Lakini kabla ya siku hiyo, kila mtaa wa usharika ujue majibu ya maswali haya: Nani atampelekea unga na maji aliyetengwa? Nani atakaa na aliyefiwa asiyeweza kwenda kuzika? Nani atamsaidia ada yule ambaye biashara yake iko ng'ambo ya mpaka? Na aliyevuka kwa siri atapokelewaje, ili aseme ukweli mapema?

Yule mama alirudi kanisani. Nilimwomba msamaha, na Jumapili iliyofuata tulifanya maombolezo ya kaka yake pamoja na usharika wote. Tulikuwa tumechelewa. Mungu atusaidie, wakati mwingine tusichelewe.